Mwaka Ambao Marcellin Aliishi Italia

“Huu mdomo,” Précieux alisema, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukiigonga midomo yenyewe kana kwamba anaitambulisha kwa wageni, “tangu uzaliwe haujabanwa hata siku moja. Uliza Louisville nzima. Uliza walimu wangu. Uliza yule polisi aliyenisimamisha juzi, mwishowe yeye ndiye aliyeniomba samahani.”

Walikuwa wamekwishapita Cincinnati, na barabara ya kwenda Columbus ilikuwa imenyooka na kuchosha. Ilikuwa Jumamosi. Kaka yake, Marcellin, alikaa upande wa abiria akiwa ameshikilia shati lake jeupe kwenye nailoni ya dobi, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga wa watu.

“Mimi naomba kitu kimoja tu,” Marcellin akasema. “Usizidishe.”

“Yaya,” Précieux akajibu, akimwita kwa neno la kwao la ndugu mkubwa, “mimi sisemi uongo. Mimi napamba.”

Kwa haki kabisa, kazi ile haikuwa yake. Msemaji wa Wakongo wote wa Louisville katika mambo ya posa ni Mzee Mugisho, mwenye sauti ya kengele na koti moja la kahawia ambalo limeshaposa wake ishirini na mbili kwa niaba ya wengine. Lakini Alhamisi jioni ghala analofanyia kazi pale Jeffersontown lilitangaza ovataimu ya lazima, na Mzee Mugisho, ambaye hajawahi kushindwa na ukoo wowote, alishindwa na karatasi iliyobandikwa karibu na choo. Mama yao, Mama Nsimire, naye alikuwa na shifti katika nyumba ya wazee, na wazee hawajui kwamba Jumamosi kuna posa. Alimkumbatia Marcellin mlangoni, akampa Précieux jicho refu, akasema, “Nitakuwa nanyi.” Précieux aliitikia amina. Alidhani ni maombi.

Basi ikabaki kuwa Précieux, miaka ishirini na mitano, cheti cha sekondari na ulimi.

Na mambo hayakuwa ya mchezo. Chimène, binti aliyekuwa anaposwa, alilelewa na baba yake mdogo, tonton Bagula, katekista mwenye nyumba ya matofali kaskazini mwa Columbus, karibu na Westerville. Tonton Bagula alikuwa ametamka mbele ya kanisa zima kwamba mtoto wake hatolewi kwa mutu ambaye hajaona kintu zaidi ya kambi na boksi. Aliyasema hayo akiwa amevaa fulana ya ghala la maboksi. Kisha akaongeza kwamba jibu litatoka Jumamosi hiyohiyo, maana huko Buffalo kulikuwa na dereva wa lori mwenye nyumba Tonawanda, na huyo alikuwa anasubiri simu tu.

Chimène mwenyewe alikuwa na sharti moja dogo, ambalo alimnong'oneza Marcellin kwenye simu baada ya mazoezi ya kwaya: “Mposaji wa kwanza alitudanganya kwamba ni meneja. Kumbe meneja ni yule aliyemfukuza. Mwongo mwingine mimi sitaki.”

Marcellin alimweleza Précieux sharti hilo mara tatu. Précieux alilisikia mara tatu, akaliweka pale anapoweka maneno ya daktari wa meno.

Kwenye maegesho ya duka moja karibu na nyumba ya wakwe walisimama ili Marcellin avae. Précieux ndiye aliyemfunga tai, kwa sababu kidole gumba cha kushoto cha Marcellin kiliishia katikati, laini na butu kama ncha ya mshumaa, na fundo la tai halipendi vidole nusu. Marcellin akaigusagusa simu yake kidogo, akaitia kwenye mfuko wa shati na kuupapasa mara mbili. Précieux akafungua buti la gari, akatoa kreti za Fanta, na nyuma ya kreti akatoa kitu bapa, kipana, kilichoviringishwa kwenye kitenge.

“Nini hiyo?”

“Zawadi ya tonton.”

“Zawadi gani?”

“Yaya, kwa desturi muoaji anaruhusiwa kusema nini siku ya posa?”

“Hasemi.”

“Ahsante. Anza sasa.”

Ndani ya kitenge mlikuwa na picha yenye fremu ya dhahabu, dhahabu ile ya kupakwa. Katika picha Marcellin amesimama wima, mikono nyuma, suti ya bluu. Nyuma yake kuna uwanja wa mji wa mawe ya rangi ya maziwa, na katikati ya uwanja nguzo ndefu kuliko mnara wa kanisa, na juu ya nguzo sanamu ya askofu anabariki watu. Mji unaandikwa Lecce na kutamkwa Leche, huko chini kabisa Italia.

Marcellin hajawahi kukanyaga Italia. Picha ilipigwa kambini Nyarugusu, Tanzania, mbele ya kitambaa.

Hilo Précieux alilijua vizuri sana. Yeye na mama yao walipata ndege mwaka wa elfu mbili na kumi na nne. Faili la Marcellin, kwa kuwa alikwishakuwa mtu mzima, lilibaki kwenye kabati la mtu fulani kwa miaka minane. Siku moja akatuma picha hii kwa watsapu, na maelezo: “Hii ni shuka ya mpiga picha. Usicheke.” Précieux alicheka. Baadaye, alipoanza kutafuta namna ya kuijaza ile miaka minane iwe kitu cha kupendeza wakwe, akakumbuka. Akaipeleka kwenye duka linalochapisha picha. Akakata nguzo mbili za mianzi pembeni, akakata vumbi jekundu chini, na kuku mmoja aliyekuwa anadonoa katikati ya Ulaya akamfuta kwa kidole. Siku tatu za chakula cha mchana alikaa kazini juu ya mapipa akisoma habari za nguzo ya Leche kwenye simu, mpaka akaijua kuliko meya wake.

*

Sebuleni kwa tonton Bagula watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Chimène hakuonekana, kwa desturi alifichwa chumba cha pili, ambako mlango ulikuwa wazi kiasi cha sikio. Tonton mwenyewe alikaa kwenye kochi chini ya picha za mapapa watatu. Na aliyesimama katikati, tumbo mbele, alikuwa Karekezi, mjomba kutoka Buffalo, msemaji wa upande wa binti. Ndiye pia rafiki wa dereva wa lori.

“Bon,” Karekezi akaanza kwa Kiswahili cha kwao, nusu Kifaransa, akiwatazama wageni kuanzia viatu. “Muko banani? Mulipoteya njia? Maana hapa si stesheni ya bisi.”

Watu wakacheka, ndiyo desturi, wageni hutukanwa kwanza.

Précieux akasimama. Alikuwa amevaa Kiswahili cha redio kwa ajili ya siku hiyo. “Wazee wetu, hatukupotea. Tulikuwa tunapita, tukaona katika bustani hii ua moja…”

Karekezi akapiga miayo kwa sauti. “Ua. Donc, batu ba Louisville bado banaona maua. Mwezi uliopita tulipata msemaji wa Dayton, naye aliona ua. Hii bustani itaisha! Tuambie kintu kipya, mutoto. Huyu mutu wenu mulimuleta hapa amekaa kama mufuko ya muchele, ameona nini mu hii dunia? Kambi na boksi?”

“Kambi na boksi,” tonton Bagula akarudia kwa huzuni, kama anasoma injili ya matanga.

Hapo ndipo Précieux alipokitoa kitenge, polepole, kama mtu anayemfunua bibi harusi.

“Leche,” alisema. “Italia.”

Sebule ikavuta pumzi. Tonton Bagula akatafuta miwani, akaipata kichwani, akainuka, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kumgusa mtakatifu. Akafanya ishara ya msalaba. Marcellin, kwenye kiti chake cha plastiki, alifumbua mdomo, akamtazama mdogo wake, kisha akakumbuka kwamba muoaji hasemi, akaufumba. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeona gari lake linavutwa na hana hati.

“Mwaka mzima wa elfu mbili na ishirini na moja,” Précieux akasema, “ndugu yangu aliishi kwa mapadri wa mji huo. Watu walidhani yuko kambini. Yeye yuko anafagia uwanja wa Mtakatifu Oronzo! Mnamjua Mtakatifu Oronzo? Hamumjui. Huyu ndiye aliyeukinga mji usiguswe na tauni. Watu wa Leche wakasema huyu hawezi kukaa chini kama sisi, lazima apande. Nguzo hawana. Jirani yao Brindisi anazo mbili, za Warumi wa kale, moja imeanguka. Wakaichukua iliyoanguka! Wakaisimamisha, wakamweka mtakatifu juu. Na siku moja kwenye sikukuu yake wakamrushia fataki za kumtukuza, moto ukampata, akaungua.”

“Banachoma mutakatifu wao?” akauliza mama mmoja kwenye ngazi.

“Kwa mapenzi, mama! Wakamtengeneza mwingine.”

Watu waliangua kicheko. Hata Karekezi alicheka, kwa pua. Tonton Bagula alirudi kwenye kochi mtu mwingine kabisa. Aliagiza Marcellin apewe kiti cha mbao. Kutoka plastiki kwenda mbao: kwa nyumba ile, hiyo ilikuwa nusu ya ndoa. Précieux alijiona tayari anasimuliwa, miaka mingi ijayo, na Mzee Mugisho akiwa amekaa kimya pembeni na koti lake.

“Tonton,” ikasema sauti kutoka karibu na friji.

Alikuwa Ruta, mdogo wake Chimène, mwanafunzi wa chuo, ambaye tangu wageni waingie alikuwa hajainua uso kutoka kwenye simu. Précieux alikuwa amemhesabu kama fenicha.

“Tonton, hapa banaandika kwamba ile sanamu ilishushwa mwaka wa kumi na tisa, kwenda kutengenezwa. Ikaonekana imechoka, haiwezi kurudi juu. Sanamu mpya ya shaba ilipanda mwaka wa ishirini na nne.” Akainua macho, mapole kabisa. “Mwaka wa ishirini na moja hakukuwa na mtu juu ya nguzo.”

Mahali fulani nyumbani mafuta yalikuwa yanakaanga kitu.

Karekezi aliutengeneza mkanda wake juu ya tumbo. “Eeeh. Basi huyu wa mu picha alipanda aje? Na ngazi?”

Mtu mwenye akili ya kawaida angeomba maji hapo. Précieux hakuwa na shida hiyo.

“Ruta, dada yangu, Mungu akubariki,” akasema, “maana umenikumbusha niliyokuwa nimeyaficha kwa unyenyekevu. Nani alisema alifika mwaka wa ishirini na moja? Nilisema alimaliza. Alifika mapema! Na siku ile mtakatifu anashushwa, wazee wangu, baridi kali, mji mzima unalia uwanjani, mashine imeinua, mtakatifu anayumba hewani, ubao umeliwa na wadudu. Na kamba ya pembeni, ile ya kumtuliza asigonge nguzo, nani aliishika?”

“Précieux,” Marcellin akasema chini kwa chini.

“Muoaji hasemi!” Karekezi akakaripia. “Acha tusikie. Tamu hii.”

“Huyu!” Précieux akamwinua kaka yake kwa mkono wa kushoto. “Mzungu wa kwanza aliachia. Wa pili aliachia. Mkongo hakuachia. Kamba ikapita, ikakata, damu ikatiririka mbele ya askofu mzima. Tazameni wenyewe!” Akaupandisha ule mkono juu, juu kabisa, kwenye mwanga wa taa, kidole nusu kikiwa kimesimama peke yake mbele ya ukoo. “Kidole gumba hiki kilibaki Italia!”

Mama wa kwenye ngazi alipiga kigelegele. Tonton Bagula alikuwa na machozi. Kutoka chumba cha pili, mlango uliokuwa wazi kiasi cha sikio ulifungwa taratibu, na Marcellin ndiye peke yake aliyeusikia. Alijaribu kuushusha mkono. Précieux aliushikilia.

*

Ni wakati huohuo Mama Delfina alipotoka jikoni na sinia la sambusa. Alikuwa Mrundi, jirani na mpishi wa shughuli zote za parokia, mwanamke mwenye kicheko kinachotangulia mwili wake mlangoni. Hakuwa amesikia lolote. Mafuta yalikuwa yanapiga kelele. Aliona fremu ya dhahabu, akasimama, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyekutana na ndugu kwenye foleni ya uwanja wa ndege.

“He! Jamani! Kitambaa cha Jovini!”

Akaliweka sinia juu ya magoti ya mtu.

“Nani amekileta Marekani? Au picha tu? Yesu wangu, ndicho chenyewe! Jovini alitoa kwenye kalenda ya padri, akaenda kuchapisha Kigoma, akarudi nacho kwenye baiskeli. Kambi nzima tulipiga picha hapo. Kila mtu alifika Italia, kwa zamu, Jumamosi na Jumapili!”

“Mama,” Précieux akasema, bado ameushika mkono angani, “huu ni mji wa kweli. Italia. Labda mnafananisha.”

“Nafananisha vipi, mwanangu, na kiraka hiki hapa? Hapa juu ya kofia ya askofu. Mbuzi alitafuna pale, Jovini akashona kwa uzi wa gunia.”

“Hilo ni wingu, mama.”

“Wingu lina mishono?”

Watu walisogea. Wingu lilikuwa na mishono. Ilikuwa saba; Karekezi aliihesabu kwa sauti.

Mama Delfina alikuwa ameshatoa simu kwenye mfuko wa aproni. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomfanya awe hatari: alikuwa na furaha. “Ngojeni niwaonyeshe yangu. Mwaka wa kumi na saba, nimembeba Niyonkuru ana miezi sita. Hii hapa! Tazameni nilivyokuwa mwembamba.”

Simu ikapita mkono kwa mkono. Mama Delfina mwembamba, mtoto analia, uwanja wa mawe ya rangi ya maziwa, nguzo, askofu, kiraka. Na kuku.

“Siku ile upepo ulikuwa mkali,” aliendelea, “Italia ilikuwa inatupiga kichwani. Ilibidi yule kijana wa Jovini aishike kwa nyuma. Mnaona vidole hapa ukingoni, vinavyoshika mbingu? Jina lake lilinitoka kabisa, na sura yake daima ilikuwa nyuma ya kitambaa. Mkongo, mpole, haongei. Nakumbuka kidole tu, masikini, mashine ya kusaga mahindi ilimkata.”

Simu ilikuwa imefika kwa tonton Bagula. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Vidole vinne virefu kwenye ukingo wa anga la Leche, na cha tano kifupi, butu, kama ncha ya mshumaa.

Tonton akainua macho taratibu. Sebule nzima ikainua macho pamoja naye. Na hapo, kwenye mwanga wa taa, juu ya vichwa vya watu wote, kidole chenyewe kilikuwa bado kimeshikiliwa na msemaji.

Précieux akakiachia.

“Donc,” Karekezi akasema kwa upole wa kutisha, “kamba ya mutakatifu ilikata kidole mwaka wa kumi na tisa. Na mwaka wa kumi na saba kidole kilikuwa kimekwishakatika. Hii ni muujiza! Tuandikie Roma!” Akangoja kicheko kiishe, akavaa uso wa biashara. “Bon, yaya Bagula. Mimi nilisema. Huko Tonawanda kuna mutu hana picha hata moja, iko na lori. Nimupigie?”

Tonton Bagula alikuwa bado anaitazama ile simu. Précieux alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe, mdomo ule ulikaa wazi bila kazi.

Ndipo mfuko wa mchele uliposimama.

“Faini ya muoaji kusema nitalipa,” Marcellin akasema. “Tonton, mimi sikufika Italia. Mimi niliishika.”

Aliuweka mkono wake wa kushoto mbele, akauangalia yeye mwenyewe.

“Miaka mitano. Kila Jumamosi, na Jumapili baada ya misa. Watu walikuwa wanatuma picha kwa ndugu zao, ndugu wasione turubai. Wao mbele, miye nyuma na upepo. Kidole kilikatwa na mashine ya unga, ndipo nikapewa kazi ya shuka, kwa sababu kazi ya jembe sikuweza tena. Mtakatifu huyo simjui. Jina lake nimelisikia leo, kwa Précieux.” Akaionyesha ile fremu. “Na hiyo picha yangu ni ya siku ya mwisho, ndege ilikuwa kesho yake. Jovini aliniambia, wewe umewapeleka wote, hujawahi kwenda. Kasimame. Akaishika yeye mwenyewe.”

Tonton Bagula aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

“Jovini yule wa karibu na kisima cha sabini na mbili?” akauliza. “Mwenye baiskeli nyekundu?”

“Ndiye, tonton.”

“Alikuwa anasema mutu asitabasamu, inaharibu Italia.”

“Ndiye.”

“Tonton,” Ruta akasema kutoka kwenye friji, taratibu, “si ulituambia wewe ulitoka Bukavu moja kwa moja mpaka Columbus?”

Tonton Bagula alikohoa. Alikohoa kikohozi kirefu, chenye sura na aya, na wakati wote huo mapapa watatu walimtazama kwa nyuma. Miaka kumi na saba ya Nyarugusu ilipita usoni mwake na ikakaa pale, mbele ya watu aliokuwa anawahubiria habari za kambi na boksi.

“Muite mutoto,” hatimaye akasema.

Chimène akaja, kitambaa cha kijani kichwani, macho mekundu. Alikuwa amesikia yote, kabla na baada ya kufunga mlango. Karekezi akamuuliza kama desturi inavyotaka, ingawa kwa sauti ya mtu anayeona lori linapinduka: “Hawa wageni, unabajua?”

Chimène aliwatazama mmoja mmoja.

“Huyu namjua,” akasema, akimwonyesha Marcellin. “Aliniambia habari za kidole kabla ya kuniambia jina la ukoo. Na shuka aliniambia.” Kisha akamgeukia Précieux, akamkagua kuanzia viatu kama mjomba wake. “Huyu mwingine simjui. Na sitaki anisemee popote.”

Nyumba ikapasuka kwa kicheko na vigelegele, na Mama Delfina, ambaye hadi hapo hakuwa ameelewa amefanya nini, alipiga kigelegele kikubwa kuliko wote. Tonton Bagula akatoa hukumu: muoaji amekubaliwa; kwa kusema bila ruhusa analipa kreti moja ya Fanta; msemaji, kwa kumning'iniza mtakatifu kwa kamba, kreti tatu, na ataziosha sufuria zote za Mama Delfina. Picha inabaki. Aliitundika yeye mwenyewe, chini kidogo ya mapapa.

*

Précieux alimaliza sufuria jua likiwa bado liko juu. Akatoka kwenye baraza la mbele, mikono inanuka mafuta ya sambusa, akakaa kwenye ngazi. Mbele yake watoto walikuwa wanakimbizana kati ya magari. Kwa muda alikaa kimya, na kimya hakikumkaa vizuri. Kilikuwa kama viatu vya mtu mwingine. Kisha polepole, kama maji yanavyorudi bombani, ulimi ukaanza kupata joto.

Kwa kweli, alijiambia, walikuwa wameshinda. Walikuja kutafuta mke, mke amepatikana. Nani alikuwa msemaji? Yeye. Bila picha, Mama Delfina angesema nini? Bila kidole kuinuliwa, nani angekiona? Ukiitazama vizuri, ilikuwa mbinu.

Akatoa simu, akampigia mama yao. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika.

Marcellin alitoka na sahani mbili, akampa moja, akakaa kando yake. Tai ilikuwa imelegea.

“Unamupigia nani?”

“Mama. Nataka asikie kwangu kwanza, kabla batu hawajaharibu habari.” Précieux akatafuna sambusa, macho yakaanza kung'aa. “Yaya, ukiongea naye, wewe uniachie mimi sehemu ya Karekezi. Nitamwambia alinijaribu huku, alinijaribu huku, nikamzungusha mpaka akachoka. Hakunibana hata mara moja. Hiyo ya kitambaa tutasema tulipanga sisi wawili, kumpima tonton.”

Marcellin aliiweka sahani yake chini. Halafu akaingiza vidole vinne na nusu kwenye mfuko wa shati, akaitoa simu yake, akaigeuza ili kioo kimwelekee mdogo wake. Simu ilikuwa hewani. Juu iliandikwa *Mama*. Chini dakika zilikuwa zinatembea: saa tatu na dakika kumi na mbili, na kumi na tatu.

“Alisema atakuwa nasi,” Marcellin akasema, akabonyeza spika.

Kwanza ilikuja sauti ya televisheni ya wazee, na ya vijiko kwenye sahani, na ya bibi mmoja anaita nesi. Kisha Mama Nsimire alisafisha koo, karibu sana, kana kwamba amekaa kwenye ngazi katikati yao.

“Niko,” akasema. “Endelea, baba. Hakukubana hata mara moja. Kisha?”